Afya ya akili ya wafanyakazi wa kambini ianzie kwenye ratiba ya kazi

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Agosti 19 magazeti yetu huikumbuka siku ya watoa misaada duniani. Siku hiyo ilitokana na bomu lililolipuliwa mwaka 2003 kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa katika Hoteli ya Canal mjini Baghdad, likaua watu 22, akiwamo mkuu wa ujumbe, Sérgio Vieira de Mello. Huandikwa idadi ya waliouawa mwaka uliopita (kwa mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu 383), hutolewa pole, kisha ukurasa hufungwa. Tunaomba nafasi tuwazungumzie waliobaki hai na kesho yake wakaamkia kazini, hasa walioajiriwa hapa hapa nyumbani, ambao ndio wengi: kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta kwetu Kigoma, Kakuma na Dadaab kwa jirani zetu Kenya, na Kivu huko Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Mashirika mengi huichukulia afya ya akili ya watu wao kama shughuli ya siku moja. Mtaalamu anakuja, semina inafanyika, picha ya pamoja inapigwa, ripoti inakwenda kwa mfadhili. Ilhali kinachomchosha mfanyakazi hadi avunjike kimo zaidi ndani ya zamu zake, mkataba wake na likizo yake. Huko hakuna anayepiga picha.

Hatusemi kwa kukisia. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa wafanyakazi wenyeji 376 wa mashirika 21. Asilimia 68 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kutia shaka, asilimia 53 za wasiwasi, asilimia 26 za kiwewe. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia matukio ya kutisha ya aina tano au zaidi. Walipoulizwa kinachowasumbua siku hadi siku, walitaja pesa, wingi wa kazi, na tofauti ya jinsi wageni na wenyeji wanavyotendewa ndani ya shirika moja. Waliokuwa na timu inayoshikamana hali zao zilikuwa afadhali. Timu kushikamana hakuhitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege.

Hata hivyo tuanze na siku ya balaa yenyewe: gari limevamiwa njiani, ghala limeporwa, mwenzao amepigwa mbele ya macho yao. Saa 72 za kwanza zina mambo machache ya kufanya, na karibu yote anayaweza msimamizi wa kawaida. Mtu aondolewe mahali pa tukio. Apewe maji, chai yenye sukari, chakula, na nguo za kubadili kama zake zina damu. Apewe simu yenye salio apige nyumbani kabla jamaa zake hawajaisoma habari kwenye kundi la WhatsApp. Jambo hili dogo ndilo husahaulika kuliko yote. Mtu mmoja anayemwamini akae naye, na kama amepanga chumba peke yake, asilale peke yake usiku huo wala unaofuata. Akitaka kusimulia asikilizwe, akinyamaza aachwe. Asipewe Valium, dawa ya kutuliza, ili apate usingizi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri dawa za kundi hilo zisitolewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Bia ambazo wenzake humnunulia jioni ile, kwa nia njema kabisa, nazo zisubiri.

Kinachoharibu mambo siku hiyo ni maelezo. Ofisa usalama anayataka, ofisa utumishi anayataka, makao makuu yanayataka, mfadhili naye ameandika barua pepe, na polisi wana haki yao. Kabla jua halijazama mtu amekwisha kusimulia mara tano, na kila mara anarudishwa kwenye dakika ile ile. Dawa yake ni karatasi moja. Fomu ya tukio ijazwe mara moja, na mtu mmoja aliyeteuliwa, ndani ya saa 24, na kila idara isome humo. Polisi wakimhitaji asindikizwe na mwenzake, na muda wa kituoni uhesabiwe kuwa muda wa kazi.

Siku ya tatu au ya nne ndipo analetwa mtaalamu. Watu kumi na tano wanakaa duara, kila mmoja anatakiwa aeleze alichoona na alivyojisikia, saa tatu zinakwisha, mtaalamu anapanda ndege. Utaratibu huo umechunguzwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, mwaka 2002 hayakukuta kuwa kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia kiwewe, na katika baadhi ya tafiti waliokipitia walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Si ajabu. Aliyekuwa kiti cha nyuma akaona kidogo anaondoka amebebeshwa picha za aliyekuwa mbele. Aliyenyamaza kwa sababu bosi wake naye yumo kwenye duara anaonekana hana tatizo. Kukutana kwenyewe si kubaya: mkutano wa nusu saa wa kueleza nani amelazwa wapi, kazi itarudi lini, njia ipi imefungwa na nani apigiwe simu usiku, huo unatuliza watu kweli. Kosa ni kumlazimisha mtu amwage moyo mbele ya wenzake halafu asionekane wa kumfuatilia.

Ufuatiliaji ndio kazi yenyewe, na ratiba yake ni fupi: wiki ya kwanza, wiki ya nne, mwezi wa tatu. Maswali hayazidi matano. Unalalaje? Unakula? Kuna njia, gari au kazi unayoikwepa sasa ambayo zamani hukuikwepa? Unakunywa zaidi ya ulivyokuwa ukinywa? Umewahi kufikiri ni afadhali ufe? Swali la mwisho huwatia hofu wasimamizi, wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii; wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Tunasisitiza wiki ya nne kwa sababu walio wengi watakuwa wameanza kurudi katika hali yao bila tiba yoyote. Ambaye bado anaota tukio lile, anashtuka mlango ukibamizwa na anazunguka njia ndefu asipite pale, huyo sasa apelekwe kwa mtaalamu. Bila tarehe hiyo kwenye kalenda ya msimamizi, mtu wa namna hii hugundulika mwezi wa nane, tena kwa barua ya onyo ya utoro.

Tuje kwenye uchovu wa polepole, ambao hauna tarehe wala fomu ya tukio.

Mkalimani hutajwa mara chache, na tunaona ndiye aliye hatarini kuliko wote. Mwanamke akieleza kwa Kirundi au Kibembe jinsi alivyobakwa, mkalimani huyasema yale kwa nafsi ya kwanza: "walinishika, wakanifunga." Anayasema kwa mdomo wake mwenyewe, mahojiano baada ya mahojiano, na anayeandika hati humshukuru na kumwita anayefuata. Mara nyingine ni kabila lake na mkoa wake, na majina ya vijiji anayajua. Kiwango tunachopendekeza ni mahojiano mazito yasiyozidi manne kwa siku, mapumziko ya dakika 15 kila baada ya saa moja, na dakika kumi mwisho wa siku za mkalimani na ofisa kuzungumza wawili, faili zikiwa zimefungwa. Mkalimani awe na haki ya kukataa kesi bila kueleza sababu. Katika ratiba nyingi hana hata muda wa kunywa maji, kwa kuwa hulipwa kwa siku na huhesabiwa kama kifaa cha mezani.

Mhudumu wa kesi za watoto, yaani anayewafuatilia mmoja mmoja watoto wanaohitaji ulinzi, afadhali ana kiwango kilichoandikwa. Viwango vya chini vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto katika dharura vinataka asizidishe kesi 25 zilizo wazi. Fedha zikipungua, anayeondolewa huacha kesi zake mezani kwa aliyebaki. 25 zinakuwa 40, zikapanda hadi 60, na hakuna aliyeandika popote kwamba kiwango kimevunjwa. Msimamizi afanye mambo mawili: aandike idadi ya kesi za kila mtu katika ripoti ya mwezi inayokwenda kwa mfadhili, na akae na kila mhudumu saa moja kwa wiki. Katika saa hiyo nusu ya kwanza iwe ya kesi na nusu ya pili ya mhudumu mwenyewe. Zikichanganywa, kesi humeza saa nzima.

Kisha kuna mgao wa chakula cha wakimbizi. Mgao kamili hukadiriwa kumpa mtu kalori 2,100 kwa siku. Kwetu Tanzania mwaka 2023 ulishushwa hadi nusu. Kenya, kuanzia Juni 2025, ulishushwa hadi asilimia 28. Uamuzi hufanywa mbali, na anayesimama mbele ya foleni na kikombe cha kupimia ni kijana wa Kasulu au wa Lodwar. Yeye ndiye anayetukanwa. Anajua kuwa mama aliye mbele yake ana watoto sita, anajua unga ule hautafika mwisho wa mwezi, na mkono wake ndio unaopima. Hili si woga wala uchovu wa kawaida. Ni jeraha la dhamiri, na halitibiwi kwa mazoezi ya kupumua. Linapunguzwa kwa hatua za kazi. Tangazo la kupunguza mgao litolewe na mkuu wa ofisi mwenyewe, amesimama pale uwanjani, angalau wiki mbili kabla. Wapimaji wabadilishwe zamu kila baada ya saa mbili. Liwepo dawati la malalamiko lenye mtu mwingine, ili mpimaji awe na mahali pa kumwelekeza mlalamikaji. Na kila jioni ya mgao mkuu huyo akae na timu dakika ishirini. Kwa mkuu ni jambo zito kufanya. Ndiyo maana hulikwepa.

Mambo haya yote humwangukia mara mbili mfanyakazi wa insentivu. Kwa wasiomjua: ni mkimbizi anayefanya kazi ndani ya kambi kama mkalimani, mhamasishaji wa afya, mlinzi au mwalimu, na hulipwa posho ya mwezi badala ya mshahara. Magari ya mashirika yanapoondoka jioni, yeye hubaki. Anayemgongea mlango usiku kuulizia kesi yake ni jirani wa kijiji kile kile. Mgao uliopunguzwa anaupima mchana na kuula usiku. Na mpango wa afya ya akili wa shirika, ukiusoma kwa makini, unasema "wafanyakazi wenye mkataba." Yeye hayumo. Wakati wa Ebola huko Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ulipoua watu 2,287, timu za mazishi zilirushiwa mawe na watu wa mitaa ya kwao. Anayefanya kazi ya msaada miongoni mwa watu wake hana pa kukimbilia jioni.

Kwa kundi hili kuna njia ambayo haihitaji wataalamu wengi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya kikundi ya vikao vitano vya saa mbili, yanayoendeshwa kwa sauti iliyorekodiwa katika lugha ya wahusika, watu hadi 30 kwa pamoja. Yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, Uganda, na msongo wao ulipungua. Ipo pia njia ya mtu mmoja mmoja, vikao vitano vya dakika 90, inayotolewa na mtu asiye tabibu aliyefundishwa na kusimamiwa. Hiyo ilijaribiwa Nairobi na Peshawar. Palipo na neno "kusimamiwa" ndipo mashirika hukosea: hufundisha watu wiki moja, huwagawia vyeti, kisha hakuna anayewauliza tena. Mwenye mawazo ya kujiua asiachiwe njia hizi peke yake, apelekwe hospitali.

Sasa siri. Shirika linaweza kulipia simu ya ushauri nasaha ya saa 24 na isipigwe na mtu hata mmoja mwaka mzima, kisha likaripoti kuwa watu wake wako salama. Anayepokea yuko nchi nyingine na anaongea Kiingereza au Kifaransa. Mpigaji yuko kwenye ofisi ya turubai, au chumba cha wageni chenye ukuta wa mbao, na jirani yake anamsikia. Mkataba wake ni wa miezi sita na unakwisha mwezi ujao. Nani atajiandikisha kuwa "kichwa hakiko sawa"? Wengine huomba daktari aandike vidonda vya tumbo au malaria kwenye ED (cheti cha ruhusa ya ugonjwa), na takwimu za shirika hujaa matumbo. Juu ya hayo, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai kwetu, ilhali Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba yao. Mwenye mawazo hayo ana sababu ya kunyamaza.

Siri hulindwa kwa taratibu za uhasibu zaidi ya ahadi. Mshauri awe wa nje ya shirika, mwenye chumba mjini, mbali na ofisi. Mfanyakazi ampigie moja kwa moja bila kupitia kwa ofisa utumishi. Ankara ya mshauri iwe na namba za siri na idadi ya vikao, isiwe na majina. Nauli ya bodaboda ilipwe bila kuulizwa ulikwenda wapi. Maandishi ya mshauri yasiingie kamwe kwenye faili la ajira. Utaratibu huu ukikosa kipengele kimoja, habari hufika kantini kabla ya saa saba.

Likizo tusiipambe kwa maneno. Wafanyakazi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa, kulingana na ugumu wa kituo, hupata mapumziko kila baada ya wiki 4, 6, 8 au 12. Mwenyeji wa kituo hicho hicho hana. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyeajiriwa na shirika lisilo la kiserikali saa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na sheria haikusema ugonjwa ni wa mwili tu. Aliye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo, na hapo ndipo mikataba mifupi hutumika kama mlango wa nyuma. Wasomaji wajue: aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yule yule ndani ya mwaka, na jumla ikapita miezi sita, anayo haki hiyo. Na safari ya gari asubuhi na jioni kati ya mji na kambi iingizwe kwenye hesabu ya saa, kwa sababu ndiyo sehemu ya hatari zaidi ya siku.

Mtasema fedha hakuna. Zinakosekana kwa sababu hazikuombwa. Andiko la mradi lina mstari wa matairi na mstari wa wino wa mashine ya kuchapia. Chukua mradi wa watu 60, insentivu wakiwamo. Tukikadiria mmoja kati ya watano atahitaji mshauri, ni watu 12, vikao sita kila mmoja, jumla vikao 72 kwa mwaka. Vikundi vya watu wanane vinakuwa vinane, vikikutana mara mbili kwa mwezi kwa saa moja na nusu ni saa 24, yaani siku nne za saa sita za mtaalamu mmoja kwa mwezi. Weka hayo kwa majina yake katika bajeti. Yakiandikwa "ustawi wa wafanyakazi" kwa jumla, mwezi wa kumi fedha zitanunua fulana.

Jambo la mwisho limeletwa na mwaka 2025. Amri ya Marekani ya Januari 20 ya kusimamisha misaada ya nje ilifunga miradi kwa siku chache, na huduma ya ushauri ikakatika siku moja na mshahara, yaani siku ambayo mtu aliihitaji zaidi. Mkataba na mshauri uandikwe kuwa unaendelea miezi mitatu baada ya ajira kwisha, na ulipiwe mapema. Anayeachishwa apewe walau siku mbili za kukabidhi kesi zake ana kwa ana. Mhudumu aliyeondolewa bila kujua mtoto wa faili lake ameachiwa nani hubeba swali hilo kwa muda mrefu.

Kwa anayesoma barua hii naye halali: hospitali za rufaa za mikoa, Maweni ikiwamo kwetu Kigoma, ndipo pa kuulizia huduma za afya ya akili, na kwa walio Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Mweleze daktari dalili kama zilivyo, na umwombe kwenye ED aandike idadi ya siku bila jina la ugonjwa. Dirishani hulazimiki kusema unafanya kazi wapi.

Ni sisi,
Washauri nasaha na wasimamizi wa wahudumu wa kesi,
Kasulu, Kigoma